Trizah Aoko na Memori Aliyosingiziwa Ephantus

Kuna watu ambao ukiwaita mara moja hawaitiki, na si kwa dharau, hawapo tu. Trizah Aoko alikuwa mmoja wao. Utamkuta ameketi mbele yako, mkono shavuni, macho wazi, na bado itakubidi ungoje arudi kutoka huko alikokwenda. Mama yake aliizoea hali hiyo tangu zamani, walipokuwa wakiishi watu saba katika chumba kimoja cha mabati kule Kiandutu, Thika. Katika chumba kile mtoto hakuwa na pembe ya peke yake, basi huyu akajitafutia pembe ndani ya kichwa chake na kuhamia humo.

Baba yake, Nicanor, alitoka Siaya akiwa kijana akaja kubeba magunia katika viwanda vya Thika. Alifariki Trizah akiwa kidato cha pili. Mama akaendelea kuuza samaki wa kukaanga kando ya njia, na Trizah akasoma kwa kuungaunga, muhula huu yuko shuleni, muhula ujao yuko nyumbani, mpaka akamaliza. Kisha akachukua kozi ya kompyuta katika chuo kidogo mjini, ghorofa ya tatu, juu ya duka la viatu. Huko ndiko alikogundua kwamba kuna kazi ambayo kupotea kwake si kosa. Ukikaa mbele ya mashine ukatulia sawasawa, ukaiwaza kutoka ndani kama mtu anayewaza nyumba aliyowahi kulala, mashine ilianza kukuonyesha vyumba vyake.

Wakati wa mambo haya alikuwa na miaka thelathini na minane, anaishi Witeithie, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akitunza kompyuta za kiwanda cha kuangulia vifaranga huko Ruiru. Wafanyakazi walikiita hachari. Kilikuwa pembezoni mwa mji, pale mashamba ya kahawa yanapokwisha na nyumba za kupangisha zinapoanza. Julai, ukungu unapolala juu ya mibuni mpaka mchana na watu wanatembea wamejikunyata ndani ya makoti, ulikuwa ukifungua mlango wa hachari unahisi umeingia ndani ya pumzi ya mtu. Joto lilikuwa lile lile mchana na usiku, mwaka nenda mwaka rudi, nyuzi thelathini na saba na nusu. Mashine kumi na mbili za kuatamia, kila moja kubwa kama chumba, zilinguruma kwa sauti ya chini, na manyoya laini ya vifaranga yalielea hewani yakang'aa kwenye taa. Trizah aliipenda ngurumo ile. Ilimchukua polepole, na kabla hajajua, alikuwa amekwenda.

Aliyempokea hapo siku ya kwanza alikuwa mzee mmoja mrefu, mwembamba, asiyependa maneno mengi, Ephantus Kahiga. Watu walimwita Baba Shiko kwa jina la bintiye wa kwanza. Ephantus alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo mpaka kilipofungwa. Akiwa na miaka arobaini na minne, na hana kazi, alijifunza kuandika programu kutoka katika kitabu kinene kisicho na jalada alichokipata kwa muuza vitabu wa barabarani. Alikisoma kitabu hicho kama watu wengine wanavyosoma Biblia, mistari michache kila asubuhi, kisha anaenda kufikiria shambani.

Ni yeye aliyemfundisha Trizah habari za memori. Alimweleza kwamba memori ya mashine imekatwa vipande vidogo vinavyolingana, navyo vinaitwa kurasa. Ndani kabisa kuna kerneli, ile programu ambayo programu nyingine zote zimesimama juu yake, na kazi yake moja ni kuzigawa hizo kurasa: kumpa huyu, kumnyang'anya yule, na kujua wakati wote ni nani ameshika nini. Ukiiuliza, inakujibu. "Lakini inajibu swali uliloliuliza," Ephantus alimwambia, "si swali lililokuwa kichwani mwako."

Programu kuu ya hachari ile aliiandika Ephantus mwenyewe. Aliiita Mlezi. Kila dakika Mlezi ilisoma joto na unyevu wa mashine zote kumi na mbili, ikalinganisha na vipimo vya siku zilizopita, na kama kuna kitu hakikai sawa ikapiga king'ora. Na kwa kuwa seva ilikuwa ndogo, ya gigabaiti nne tu, Ephantus alitenga eneo moja kubwa la memori, akaliita Ubao, akaviweka humo vipimo vyote vya miezi kadhaa. Programu yoyote iliyovitaka ilikuja kuvisoma hapo hapo. Hakuna aliyehitaji kujitengenezea nakala yake. Programu ya pili, iliyoitwa Upepo, ilisoma Ubao na kuendesha feni za mashine namba saba, ile mpya. Ya tatu, Daftari, iliusoma na kuandika taarifa ya siku. Na kulikuwa na programu ya nne, Dirisha, iliyochora michoro ya joto kwenye simu za wafanyakazi ili mtu aweze kuona hali ya mayai hata akiwa nyumbani. Dirisha aliiandika Trizah.

Jumanne moja ya Julai, Muoki, aliyekuwa zamu ya asubuhi, alifungua mashine namba saba akakutana na joto lililomfanya arudi nyuma. Feni zilikuwa zimesimama. King'ora hakikulia. Mayai elfu nne mia nane, ya siku kumi na tano, yalikuwa yamekufa. Trizah alipofika alimkuta Ephantus amesimama na yai moja mkononi, amelielekeza kwenye taa, akiangalia mishipa iliyokuwa imeanza kufifia kuwa kivuli tu. Hakuliweka chini kwa muda mrefu.

Sababu ya kwanza ilionekana upesi. Kerneli huandika kumbukumbu ya matukio yake, na alfajiri ile iliandika kwamba memori imekwisha kabisa. Ikifika hapo kerneli haina huruma. Inaiua programu moja ili nyingine zipumue, na inaanza na ile inayoonekana kushika kurasa nyingi zaidi. Iliua Mlezi. Kisha ikaua Upepo. Ndiyo maana king'ora kilikuwa kimya na feni zimesimama.

Ephantus na Trizah waliziwasha tena programu zilizouawa kwa mkono, na watu wakapangiwa zamu za kusoma vipima joto kwa macho. Lakini swali lilibaki: ni nani alikula memori?

Mwenye hachari, Waceke Njau, ambaye kila mtu alimwita Madam, alimleta mtaalamu kutoka nje. Kijana huyo aliitwa Austine. Alikuwa mpole, kompyuta yake imebandikwa vibandiko kila mahali, na alimsalimia kila mtu mpaka mlinzi. Jumatano alasiri aliiuliza kerneli kila programu imeshika memori kiasi gani, akachapisha jibu kwenye karatasi mbili zilizobanwa pamoja. Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza: Mlezi, megabaiti elfu moja mia nne na kumi na mbili. Ilikuwa zaidi ya theluthi ya seva nzima.

"Hii programu ni ya kitambo," Austine alimwambia Madam, kwa sauti ya mtu anayesikitika kweli. "Inakula memori vibaya. Dawa ni kuitoa, tuweke ingine."

Kutoa Mlezi kulikuwa sawa na kumtoa Ephantus, kwa maana kazi yake yote ilikuwa kuitunza. Madam alimwita ofisini. Hakumfokea. Alimwambia apumzike, akabidhi funguo Ijumaa, wataongea mambo mengine baadaye. Ephantus alisema sawa.

Alhamisi saa saba mchana Trizah alimkuta nyuma ya jengo, ameketi kwenye kreti la plastiki, sahani ya githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, magotini, hajaigusa.

"Baba Shiko, wamesema nini?"

"Wamesema Mlezi ndiyo imemaliza memori."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nitasema nini na karatasi iko pale?" Alikoroga githeri kwa kijiko. "Labda ni kweli, maitu." Ndivyo alivyomwita siku zote, kwa lile neno la Kikikuyu la mama ambalo wazee humwitia binti wanayempenda. "Hiyo kitu niliandika kitambo sana. Labda nimezeeka nayo."

Trizah aliketi kwenye kreti la pili wakatazama ukungu ukijiinua kutoka kwenye kahawa, kidogo kidogo, mpaka mistari ya mimea ikaonekana mpaka mbali. Kisha akarudi ndani, akaomba zile karatasi mbili, akazilaza juu ya meza.

Aliziangalia kwa muda bila kusoma. Ngurumo ya mashine ikaja, ikamchukua. Akawa ndani ya seva, au ndivyo alivyoona, katika nafasi kubwa yenye mwanga hafifu, na kurasa zimetulia kila upande kama vitambaa vyeupe juu ya nyasi. Akatembea. Akasikia kwa mbali mtu akisukuma toroli la mayai. Na akiwa huko huko, bila haraka yoyote, akaanza kujumlisha.

Mlezi elfu moja mia nne na kumi na mbili. Upepo elfu moja mia tatu. Daftari elfu moja mia mbili na hamsini. Akageuza ukurasa wa pili, ambao hakuna aliyeusoma kwa kuwa namba zake zilikuwa ndogo, akajumlisha na hizo. Alipomaliza alikuwa na gigabaiti sita na zaidi.

Seva ilikuwa na nne.

Akarudi pale mezani, macho yakaona tena. Alijumlisha mara ya pili kwa kalamu. Sita na zaidi. Haiwezekani watu wagawane mikate minne kila mmoja aende na sehemu yake, halafu mikononi mwao ipatikane sita. Isipokuwa kama mkate ule ule unahesabiwa katika mikono ya zaidi ya mmoja.

Ndipo alipoelewa Austine aliuliza swali gani. Aliiuliza kerneli: kila programu imeshika kurasa ngapi? Na kerneli ikajibu kwa ukweli wake wote. Kurasa za Ubao, zile gigabaiti moja na nusu kasoro kidogo, zilishikwa na Mlezi, na zilishikwa na Upepo, na zilishikwa na Daftari. Basi kerneli ikaziandika zote kwa Mlezi, ikaziandika tena kwa Upepo, ikaziandika tena kwa Daftari. Mlezi iliongoza orodha kwa kuwa yenyewe ndiyo iliyousoma Ubao wote, kila siku, kutoka mwanzo hadi mwisho. Ilionekana mlafi kwa sababu ya bidii yake.

Kuna jibu jingine ambalo kerneli hulitoa ukijua pa kulitafuta. Kila programu inayoendeshwa hupewa namba, na kila namba ina kabrasha lake ambalo kerneli hulijaza wakati ule ule unapolifungua. Ndani yake kuna hesabu ambamo ukurasa unaoshikwa na watatu huandikwa theluthi kwa kila mmoja. Na kuna hesabu nyingine, kali zaidi: kurasa ambazo programu imezishika peke yake, ambazo hakuna mwingine anayezigusa, na ambazo zingerudi kwa wote kama programu hiyo ingeondoka. Trizah alilifungua kabrasha la Mlezi.

Megabaiti tisa.

Alicheka peke yake, taratibu. Miaka kumi na mitano ya kulinda mayai, na mali ya Mlezi yenyewe ilikuwa megabaiti tisa. Alitaka kukimbia amwambie mzee wakati ule ule. Lakini alikuwa mtu wa kwenda mpaka mwisho wa njia, basi akajiuliza: kama si Mlezi, ni nani?

Akairudia kumbukumbu ya alfajiri ya Jumanne, akaisoma polepole. Kerneli iliua Mlezi, ikapata megabaiti tisa, haikutosha. Ikaua Upepo, ikapata chache. Ikaua Daftari, ikapata chache. Kisha ikaua programu moja ndogo, ya megabaiti mia na ishirini na moja, na hapo hapo ikatulia. Jina la ile ndogo lilikuwa Dirisha.

Akageuza ukurasa wa pili wa karatasi za Austine. Dirisha, mia na ishirini na moja. Chini yake Dirisha, mia na ishirini na moja. Na Dirisha. Na Dirisha. Alizihesabu kwa kidole. Zilikuwa kumi na nane. Kila mara mtu alipofungua michoro kwenye simu, Dirisha ilizaa nakala moja ya kumhudumia. Na mtandao wa simu ulipokatika kabla hajaaga, nakala ile haikufa. Ilikaa pale imeshika kurasa zake peke yake, inamngoja mtu ambaye hatarudi. Kumi na nane hizo, kwa jumla, zilikula zaidi ya nusu ya seva.

Alifungua programu yake akaenda moja kwa moja kwenye mstari wa kuzifunga nakala zilizoachwa. Hakuhitaji kuutafuta. Aliukumbuka hata mahali alipouandikia: benchi la mbao kwenye korido ya hospitali huko Thika, miaka mitatu nyuma, mama yake ndani amepooza upande mmoja, kompyuta magotini mwake, harufu ya dawa ya kuoshea sakafu. Alikuwa amechoka kiasi cha kuona herufi zikiogelea. Alijiambia atarudi kuumalizia mstari ule. Kisha mama akaanza kusema maneno mawili matatu, furaha ikaja, na mstari ukasahauliwa.

Sasa ulikuwa mbele yake, bado haujamalizwa.

Angeweza kuzizima zile nakala kumi na nane kwa amri moja. Angeweza kuusahihisha mstari kwa dakika kumi, na seva ingepona, na watu wangesema ilipona kwa sababu Mlezi iliondolewa. Au angeweza kumtetea Ephantus kwa hesabu ya megabaiti tisa, kisha kusema hajui ni nani aliyekula zilizobaki. Aliyawaza yote hayo, kwa uwazi kabisa, kama mtu anayetazama njia tatu kutoka juu ya kilima. Hakuzima kitu. Alichapisha karatasi yake, akaikunja, akaitia mkobani.

Jioni ile hakushuka Witeithie. Alipitiliza mpaka Thika, akaingia Kiandutu kwa miguu, kupitia katikati ya majiko ya makaa yaliyokuwa yakiwashwa milangoni. Mama yake alikataa kuhama kutoka pale. Alisema watu wake wako pale. Alimkuta ameketi kwenye stuli nje ya mlango, mkono mzima umeushika ule mgonjwa. Maneno yake yalikuwa yakitoka moja moja, kila moja limetafutwa.

Trizah akaketi chini kando yake, akamsimulia yote, mayai, karatasi, mstari ule. Mama hakuelewa habari za kerneli, wala hakujifanya anaelewa. Alingoja mpaka mwisho.

"Nyathina," akasema, mtoto wangu. "Huyo mzee. Ndiye alileta uji?"

Trizah alikuwa amesahau. Wiki zile za hospitali Ephantus alikuja mara mbili kutoka kwake Kalimoni na chupa ya uji wa wimbi, akaikabidhi mlangoni, akaondoka bila kuketi.

"Ndiye, Mama."

"Basi," mama akasema, na akarudisha macho kwenye njia.

Ijumaa saa tatu walikuwa wanne ofisini kwa Madam: Madam mwenyewe nyuma ya meza, Austine na kompyuta yake, Ephantus na rundo la funguo mkononi, na Trizah ambaye hakuwa ameitwa.

"Madam, naomba dakika chache kabla Baba Shiko hajaweka hizo funguo," alisema.

Akaeleza. Austine alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Lakini Trizah," akasema, "hizo namba si zangu. Ni kerneli yenyewe inasema."

"Inasema kweli. Inasema Mlezi imeshika hizo kurasa. Haijasema ni za Mlezi peke yake."

"Sawa. Ningependa kuona."

"Muoki yuko kwa vipima joto. Tunaweza kuizima Mlezi dakika mbili."

Akaketi mbele ya kompyuta ya Austine, akaandika kwanza ni memori kiasi gani iliyo huru. Akaizima Mlezi. Namba ilipanda kwa megabaiti tisa. Wote wakaiangalia ile namba iliyokataa kwenda mbali. Akaiwasha Mlezi tena. Kisha akazizima nakala za Dirisha, zote kumi na nane. Namba ikaruka, gigabaiti mbili na zaidi, papo hapo, kama mtu aliyefungua dirisha la chumba kilichojaa moshi.

Austine aliegemea nyuma, akajipangusa uso kwa kiganja.

"Nilisoma safu moja," alisema. "Na hiyo karatasi ya pili hata sikugeuza. Mzee, nisamehe."

Ephantus alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayemwambia mwingine apite mbele mlangoni.

Madam alikuwa bado anaitazama skrini. "Na hii Dirisha," akauliza, "ilitengenezwa na nani?"

"Mimi," Trizah akasema.

Madam akamgeukia. Alikuwa mama wa miaka sitini, aliyeanza na kuku kumi na wawili nyuma ya nyumba, na alijua mayai kwa uzito wake kiganjani.

"Elfu nne mia nane, Trizah."

"Najua, Madam."

"Ulijua hii lini?"

"Jana saa tisa."

Nje ukungu ulikuwa bado mzito, na dirisha lilikuwa jeupe tupu. Madam akafungua droo, akatoa orodha. "Kuna wakulima kumi na mmoja walikuwa wanangoja hao vifaranga," akasema. "Utawapigia wewe. Usiwaambie mashine iliharibika. Waambie vile ilikuwa. Halafu urudi utengeneze hiyo kitu, na Ephantus aikague kila mstari kabla iwashwe." Akamtazama mzee. "Na wewe rudi na hizo funguo zako. Nilikosea kuharakisha."

Kupiga simu kulimchukua siku mbili. Wengine walikasirika, na alikubali hasira yao bila kujitetea. Mmoja alikata simu. Bibi mmoja wa upande wa Gatundu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama yeye mwenyewe amekula, kwa sababu sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye njaa. Trizah alikuwa hajala.

Ephantus aliikagua Dirisha kwa wiki nzima, miwani puani, akiweka alama ndogo za penseli kwenye karatasi. Hakusema lolote kuhusu Ijumaa ile mpaka siku ya mwisho, alipokuwa akimrudishia kurasa.

"Ungenyamaza, ningeenda nyumbani tu," alisema. "Sikuwa na shida na mtu."

"Najua."

"Mbona hukunyamaza?"

Trizah alifikiri kwa muda mrefu, na mzee akamngoja, kama alivyozoea kumngoja miaka yote hiyo. "Hesabu ilikuwa inanikataa," akasema mwishowe. "Sita haingii kwa nne."

Austine alirudi Agosti kwa hiari yake. Aliketi kando ya Trizah alasiri nzima akafunguliwa makabrasha ya kerneli moja moja, akiuliza maswali mengi kuliko mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Pamoja wakaandika ripoti mpya iliyobandikwa kwenye skrini ya mlangoni. Ilionyesha safu tatu kwa kila programu: kurasa ilizoshika, mgawo wake katika zile za pamoja, na za kwake peke yake. Nakala za programu moja zilijumlishwa kwenye mstari mmoja, ili wadogo wengi wasijifiche nyuma ya udogo wao. Wafanyakazi wa mayai walizoea kuipitia wakiingia zamu, hata wasioielewa. Muoki alisema inampa usingizi mzuri.

Ephantus alistaafu mwaka ulipoisha, kwa tarehe aliyoichagua mwenyewe. Januari, Jumapili moja baada ya kanisa, Trizah alikwenda kumtembelea Kalimoni. Walikula njahi, maharagwe meusi aliyopika mkewe, wakanywa chai, kisha mzee akamwambia waende akaone kitu.

Walishuka kwa kijia kilichopita katikati ya mahindi makavu mpaka kwenye timbo la mawe lililoachwa zamani. Mawe yalikatwa humo mpaka ukuta ukawa umenyooka kama wa nyumba, kisha wachimbaji wakaondoka, mvua zikaja, shimo likajaa maji. Sasa lilikuwa ziwa dogo la kijani, limetulia kabisa, na kerengende wekundu walikuwa wakisimama juu yake hewani. Bata maji wawili walikata maji upande wa pili bila sauti. Jua lilikuwa la joto jepesi linalolegeza mabega.

"Nilikuwa nakuja hapa na kile kitabu," Ephantus akasema. "Nasoma mistari mitano, naangalia maji."

Wakaketi kwenye jiwe. Baada ya muda mzee akaanza kucheka ndani kwa ndani, mabega yakitikisika.

"Nini, Baba Shiko?"

"Tisa," akasema. "Miaka yote hiyo nilifikiri niliandika kitu kikubwa."

Trizah akacheka pia. Mmoja wa bata alizama, na wakaketi hapo, bila haraka, wakitazama upande gani ataibukia.